Mita Zilezile, Bei Mara Mbili: Hesabu ya Makabati na Droo za Jikoni

Mafundi wawili wamepimishwa ukuta mmoja wa jikoni, urefu wake mita 2.4. Wa kwanza anasema vifaa vya makabati ya chini vitafika sh. 350,000. Wa pili anasema sh. 750,000. Mwenye nyumba anaanza kumshuku wa pili kuwa mwizi, au wa kwanza kuwa mtu wa bodi mbovu. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli: mmoja amehesabu milango, mwingine amehesabu droo, na hakuna aliyemuuliza mwenzake wala mwenye nyumba kipi kinatakiwa.

Tatizo linaanza na desturi ya kupatana bei kwa mita au kwa futi ya ukuta. Mita haisemi kabati lina nini ndani. Kwa hiyo hapa nitafungua hesabu kipande kwa kipande, kwa bei za mfano ambazo msomaji atazibadilisha kwa za duka lake: bodi ya MDF yenye melamini ya mm 18, sh. 100,000; bodi nyembamba ya mm 6 ya migongo na vitako vya droo, sh. 30,000, jozi moja ya reli za droo za sm 50, sh. 12,000, bawaba moja, sh. 2,500, kishikio, sh. 3,000, mguu wa plastiki, sh. 1,000, na mita moja ya ukanda wa kingo, ikiwa imeshabandikwa, sh. 500. Ufundi na kaunta sijaviweka, kwa sababu hivyo hutofautiana mno kati ya mtu na mtu.

Bodi ndiyo inayopanga vipimo

Bodi iliyozoeleka madukani kwetu ni futi 8 kwa 4, yaani mm 2440 kwa 1220. Ya MDF ya mm 18 ina uzito wa karibu kilo 40, kwa hiyo bodi nne ni mzigo wa guta, bodaboda haiwezi. Zipo pia bodi za mm 2750 kwa 1830, na ndiyo maana swali la kwanza dukani, kabla ya rangi, liwe la vipimo. Hesabu yote inayofuata ni ya futi 8 kwa 4.

Chukua boksi la kabati la chini lenye upana wa sm 60. Lina mbavu mbili za mm 720 kwa 560. Kitako chake kina urefu wa mm 564, ambazo ni mm 600 ukitoa unene wa mbavu mbili. Kama ni la mlango, lina rafu moja ya kipimo hichohicho. Juu halihitaji kufunikwa kwa bodi nzima, maana kaunta itafunika. Vibao viwili vyembamba vya mm 564 vinatosha kulishika lisiyumbe.

Sasa peleka bodi kwenye mashine. Msumeno hula mm 4 kila unapopita. Pasua kwa urefu mikanda miwili ya mm 560. Pamoja na kilicholiwa na msumeno umetumia mm 1128 za upana, na unabaki ubapa wa mm 92, ambao hata ukinyoa kingo za bodi utatoa vile vibao vinne vya juu. Mkanda wa kwanza ukate ubavu mmoja na vipande vitatu vya mm 564: jumla mm 2428 kati ya 2440, pamoja na msumeno. Zile mm 12 zinazobaki ni za kunyoa ncha, kwa sababu bodi mara nyingi hufika ncha zimechubuka kwa kushushwa ovyo. Mkanda wa pili unatoa mbavu tatu.

Rudia hivyo kwenye bodi ya pili. Umepata mbavu 8, vipande 6 vya vitako na rafu, na vibao 8 vya juu. Hayo ni maboksi manne kamili, mawili ya mlango yenye rafu na mawili ya droo yasiyohitaji rafu: mita 2.4 za jikoni kutoka bodi mbili, bila kubaki kipande cha maana cha kutupa. Nimeona mafundi wenye mikono mizuri wakinunua bodi tatu kwa kazi hiyohiyo, na mwenye nyumba akailipa ya tatu bila kujua kwamba ilimezwa na sentimita chache.

Sentimita hizo zinaingilia wapi? Ongeza kina cha boksi kutoka sm 56 hadi sm 62, ili mfuniko wa sufuria kubwa uenee. Mikanda miwili ya mm 620 haitoki kwenye upana wa mm 1220. Kwa mpasuo huohuo, kila bodi sasa inatoa mkanda mmoja, na mikanda minne inataka bodi nne: sh. 200,000 zaidi kwa sm 6. Au panua kila kabati hadi sm 65. Vitako vinakuwa mm 614, na kwenye mkanda vinaingia viwili tu pamoja na ubavu badala ya vitatu, kwa hiyo unahitaji mkanda wa tano, ambao ni bodi ya tatu. Milango nayo inapata hasara kubwa zaidi. Mlango wa kabati la sm 60 ni mm 716 kwa 596, na bodi moja inatoa sita. Mlango wa kabati la sm 65 ni mm 646 kwa upana. Unaingia safu moja tu, na bodi inatoa mitatu. Kwa makabati manne hiyo ni bodi nyingine. Sentimita 5 zimeleta bodi mbili.

Ukuta wenyewe hauji kwa vipimo vya sm 60. Ukiwa na sm 257, usigawe kwa nne ili makabati yalingane. Weka manne ya sm 60, na zile sm 17 zibe kwa kipande cha bodi ya rangi ya milango, au ziache wazi ziwe nafasi ya kusimamisha masinia na mbao za kukatia. Kipande cha kuziba hakigharimu hata robo ya kabati.

Kipimo cha sm 60 hakikuzaliwa na bodi peke yake. Wazo la jikoni la vipande vinavyolingana lilipata mwili Frankfurt mwaka 1926, pale msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky alipobuni jikoni la takriban mita 1.9 kwa 3.4 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu za jiji hilo. Yalitengenezwa karibu 10,000, yote kwa mpango mmoja, na wingi huo ndio uliofanya yaweze kununulika. Leo Ulaya nzima hutengeneza majiko, mashine za kufua na mashine za vyombo kwa upana wa sm 60, na jiko la kusimama la madukani kwetu huja sm 50 au 60. Ukishika kipimo hicho, jiko likiharibika baada ya miaka kumi, lijalo linaingia palepale.

Mlango mmoja, droo tatu

Kabati la mlango la sm 60, kwa bei zetu za mfano, linakwenda hivi. Boksi ni takriban nusu bodi, sh. 50,000. Mlango ni sehemu ya sita ya bodi, sh. 16,700. Mgongo sh. 5,000, bawaba mbili sh. 5,000, kishikio sh. 3,000, mita 6 za ukanda sh. 3,000, miguu minne sh. 4,000. Jumla sh. 86,700.

Kabati la droo tatu lenye upana huohuo lina boksi lilelile, uso wa mbele wenye ukubwa uleule wa mlango, mgongo uleule na miguu ileile. Kinachoongezeka ni droo zenyewe. Reli za kawaida za pembeni huchukua mm 12.7 kila upande, kwa hiyo ndani ya nafasi ya mm 564 droo inakuwa na upana wa mm 538. Kila droo ya kina cha sm 50 inakula mita 2 za mkanda wa bodi kuizunguka. Ukiwa na droo moja fupi ya sm 10 juu na mbili za sm 20 chini, makabati mawili ya namna hiyo, yaani droo sita, yanamaliza bodi nzima ya mm 18 na kubakiza mkanda mmoja wa sm 19. Kila kabati basi linabeba sh. 50,000 za mbavu za droo. Ongeza vitako vitatu, sh. 11,250, reli jozi tatu, sh. 36,000, vishikio vitatu, sh. 9,000, na ukanda mita 14, kwa sababu kingo za juu za droo nazo zinaonekana, sh. 7,000. Jumla sh. 188,950.

Hiyo ni mara 2.2 ya kabati la mlango. Mita 2.4 za milango mitupu ni sh. 346,800. Nusu milango nusu droo, sh. 551,300. Droo tupu, sh. 755,800. Ndiyo yale mafundi wetu wawili waliyosema.

Watu wengi huamini kwamba kinachopandisha bei ya droo ni reli, kwa hiyo wanapotaka kubana matumizi wanashuka hadi reli za bei ya chini kabisa. Tazama tena hesabu. Tofauti kati ya mlango na droo ni sh. 102,250, na reli ni sh. 36,000 tu kati ya hizo. Bodi za kutengenezea droo zimekula sh. 61,250. Ukiokoa sh. 4,000 kwa kila jozi ya reli umepata sh. 12,000, na umenunua kitu kitakachoanza kukwama ndani ya mwaka, hasa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar ambako hewa ya chumvi hula chuma chembamba. Ukipunguza droo kutoka tatu hadi mbili zenye kina, umeokoa zaidi ya sh. 37,000, na reli zako ni zile nzuri. Kabati la droo mbili linakuja sh. 151,700.

Na hapo kuna hila nyingine ya bodi. Droo za kina zikiwa sm 20 kamili, bodi ikishanyolewa kingo inatoa mikanda mitano. Zikiwa sm 19.5, inatoa sita. Nusu sentimita ambayo sufuria haiioni imekupa droo nzima. Kabla ya kukubali, chukua sufuria yako ndefu kuliko zote, pamoja na mfuniko wake, uipime kwa futikamba. Ikizidi kimo hicho, kwenye kabati la droo mbili bado kuna nafasi juu ya mbavu za droo, maana uso wake una mm 356.

Reli hazijali upana

Jozi ya reli bei yake ni ileile iwe ya droo ya sm 40 au ya sm 80. Kabati moja la sm 80 lenye droo tatu linataka jozi tatu. Mawili ya sm 40 kwenye ukuta uleule yanataka jozi sita, vishikio sita, na mbavu za boksi nne badala ya mbili. Halafu hesabu nafasi ya ndani. Kila droo ya bodi ya mm 18 inapoteza mm 97: mm 36 za boksi, mm 25 za reli, mm 36 za mbavu za droo yenyewe. Droo ya sm 80 inabaki na sm 70 za kuwekea vitu. Mbili za sm 40 zinabaki na sm 60 kwa pamoja. Umelipa zaidi ukapata pungufu.

Droo ya sm 20 ndiyo inayonisikitisha zaidi. Huuzwa kama pambo la jikoni la kisasa, chupa za mafuta zikiwa zimepangwa vizuri kwenye picha, na ndani ina upana wa sm 10. Kwa gharama ya reli na kishikio kamili, unapata nafasi ya mwiko na chupa mbili.

Upana nao una mpaka wake. Reli nyingi zenye kimo cha mm 45 huandikiwa kubeba kilo 35 hadi 45 kwa jozi, na droo ya sm 80 iliyojaa sahani za udongo, pamoja na unga na mchele, inafika huko upesi. Kitako cha mm 6 kwa upana huo kitabonyea. Weka cha mm 9 au 12, au gundisha kibao katikati kwa chini. Na kitako kisipigiliwe misumari kwa chini. Chimba mfereji wa mm 6 ndani ya mbavu za droo, mm 10 kutoka chini, kitako kichomekwe humo kabla ya kufunga upande wa mwisho. Kilichopigiliwa kinaning'inia kwenye misumari pekee, na kinaanza kuachia kwenye kona moja ya nyuma, ambako hakuna anayeangalia mpaka siku droo inaposhuka na vyombo. Kabla ya kulipa, geuza droo moja juu chini. Ukiona vichwa vya misumari, mwambie fundi aifungue.

Kuanza na milango, kuongeza droo baadaye

Hapa ndipo makabati ya vipande yanapomfaa mtu wa kipato cha kawaida, na ndipo yanapotumiwa vibaya kuliko pote. Viwandani kuna utaratibu wa matundu: safu ya wima ya matundu ya mm 5, mm 37 kutoka ukingo wa mbele wa ubavu, kila tundu mm 32 kutoka lenzake. Bawaba za kikombe cha mm 35 hufungwa kwenye safu hiyo. Reli nyingi za droo nazo tundu lao la kwanza liko mm 37. Rafu hukaa juu ya vijiti vinavyoingia humohumo. Fundi akitoboa safu hizo siku ya kwanza, boksi la mlango na boksi la droo vinakuwa kitu kimoja, na uamuzi wa lipi liwe lipi unaweza kungoja mshahara.

Mwambie pia akate milango kwa namna itakayokubali kugawanywa. Mlango wa mm 716 ukipasuliwa mara mbili unatoa nyuso tatu za mm 140, 284 na 284, na zile mm 8 zilizoliwa na msumeno ndizo nafasi kati ya droo na droo. Bandika ukanda wa mm 1 kwenye kingo mpya, kila nafasi inabaki mm 2, inavyotakiwa. Matundu ya vikombe vya bawaba yanabaki upande wa ndani. Kinachoweza kuharibu ni tundu la kishikio: kishikio cha kusimama kwenye kona ya mlango kitaacha makovu usoni mwa droo. Kiweke cha kulala, katikati ya upana, sm 7 kutoka juu. Kinafungua mlango leo, na kesho ni kishikio cha droo ya juu. Kugeuza kabati moja kwa njia hii kunafika kama sh. 107,000 za vifaa, yaani sh. 5,000 tu zaidi ya kuagiza droo tangu mwanzo, na zinaweza kulipwa kabati moja moja.

Ipo njia ya bei ndogo zaidi, nayo ndiyo ningempa mtu ambaye makabati yake yameshafungwa na hayana safu za matundu. Acha mlango ulivyo, ondoa rafu, weka droo moja ya kina nyuma ya mlango. Upande wa bawaba gundisha kipande cha bodi cha mm 18 ili droo ipite bila kugonga mlango, na boksi la droo liwe na upana wa mm 520. Mbavu sh. 16,700, kitako sh. 3,750, reli sh. 12,000, ukanda sh. 1,000: jumla sh. 33,450, bila kishikio wala uso mpya. Mama mwenye maumivu ya magoti hapigi tena magoti kutafuta sufuria ya nyuma. Katika hesabu zote hizi, hakuna shilingi inayorudisha nafuu kubwa kama hiyo.

Waliopo Ulaya wana njia yao. IKEA huuza maboksi ya METOD kwa upana wa sm 20, 30, 40, 60 na 80, na kuna kampuni nyingine zinazotengeneza nyuso za kufunga kwenye maboksi hayo. Anayefuata njia hiyo ajue kwamba boksi la METOD la chini lina kimo cha sm 80, hivyo mlango wa boksi la sm 72 hautaenea.

Maji

MDF na chipubodi haziozi kwa mvuke wa wali. Zinavimba kwa maji yanayosimama. Nyumba zetu hupigwa deki, na kabati lililokaa juu ya sakafu moja kwa moja linaanza kufura kwa chini, melamini ikiwa bado inang'aa. Miguu minne ya plastiki ya sm 10 ni sh. 4,000 kwa kabati. Ubao wa mbele wa kuficha miguu ushikizwe kwa vibanio, utoke wakati wa usafi.

Kabati la sinki ndilo la kugharamia. Huhitaji jikoni zima la plaiwudi inayostahimili maji. Boksi moja la sm 60 ni nusu bodi. Lisiwe la droo, maana mabomba yanakula katikati yake. Kama mtungi wa gesi utakaa ndani ya kabati, toboa matundu ya hewa chini kabisa, karibu na kitako, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutulia chini. Matundu ya juu peke yake hayasaidii.

Kwa mpango wa milango miwili na makabati mawili ya droo tatu, karatasi ya kupeleka kwa mafundi wa Keko, Dar es Salaam, au karakana yoyote iandikwe hivi: bodi 2 za maboksi, 1 ya nyuso, 1 ya mbavu za droo, 2 nyembamba, reli jozi 6, bawaba 4, vishikio 8, miguu 16, ukanda mita 40. Dukani utalipa sh. 602,000, ambazo ni zaidi ya zile 551,300 za hesabu ya vipande, kwa kuwa bodi haiuzwi nusu. Masalia yenye thamani ya kama sh. 50,000 ni yako, na yaandikwe kwenye makubaliano kwamba yanarudi nyumbani. Kubwa ni theluthi ya bodi ya nyuso. Ikatwe hukohuko kwenye mashine iwe milango miwili ya mm 716 kwa 596, ibandikwe ukanda, ihifadhiwe imelala bapa chini ya kitanda. Rangi za melamini hubadilika kila mzigo mpya unapoingia, na mlango wa kabati la sinki ndio utakaoharibika kwanza.